Asiyepakwa Rangi Hapigani

"Jeshi langu lilishakamilika tangu Pasaka," Ndizeye alipenda kusema, "na siku nitakapoliteremsha mezani, hata miungu ya Parfait itaomba ruhusa ya kwenda choo."

Aliyasema hayo sokoni Kamembe, akayasema mlangoni mwa kanisa, akayasema tena katika foleni ya mpaka pale Rusizi ya Kwanza, mbele ya wachuuzi ambao walikuwa na shida zao na hawakuwa wameuliza. Walicheka tu. Ndizeye alikuwa kijana wa namna hiyo: hata akikupa pole ya msiba, unacheka kwanza halafu ndiyo unakumbuka kulia.

Ila Joselyne, dada yake, ndiye aliyefagia chini ya kitanda chake, na Joselyne alilijua jeshi hilo kwa sura. Lilikaa ndani ya katoni ya sabuni, limerundikana kama viazi. Wengi wao walikuwa kijivu tupu, kama walivyotoka kwenye moto. Wachache walipakwa rangi kifuani na usoni, na mgongo ukaachwa hivyo hivyo, mithili ya mgonjwa aliyefunga vibaya shuka la hospitali.

"Bashujaa bako banatembea matako wazi," Joselyne alimwambia siku moja, ufagio mkononi.

"Ni mbinu ya vita, sha. Hawa hawakimbii. Sasa mtu asiyegeuka nyuma, mgongo wa nini?"

"Na huyu asiye na rangi hata mbele?"

"Huyo ni mpelelezi. Haonekani."

Basi hivyo ndivyo lilivyokuwa jeshi lililokamilika tangu Pasaka.

Tuseme kidogo jeshi lenyewe lilitoka wapi, maana si kila mtu wa Cyangugu, mji huu wa upande wa Rwanda, alifuga Wagiriki chini ya kitanda. Ndizeye alilelewa Bukavu, upande wa Kongo, ng'ambo ya mto, katika uwanja mmoja na Parfait. Wazazi wa Ndizeye walikuwa Wanyarwanda waliokimbia zamani. Mama yake Parfait, Maman Eugénie, alikuwa Mushi, wa kabila la hapo hapo. Watoto hawa wawili walikula sahani moja, wakachapwa fimbo moja, wakaingia koleji moja, sehemu ya Kilatini. Mwalimu wao alikuwa Mbelgiji mwenye miwani minene, na siku chaki ilipokosekana aliwasimulia habari za Wagiriki wa kale: miungu yenye wivu, majitu ya jicho moja, viumbe nusu mtu nusu farasi, mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele. Nyumbani kwake alikuwa na kisanduku cha askari wadogo wa madini ya risasi, kila mmoja urefu wa kidole gumba, na aliwafundisha vijana wake kupiganisha majeshi mezani: unapima mwendo kwa futi ya fundi cherehani, unarusha dadu, anayeanguka anatolewa. Na sheria moja aliitilia mkazo kuliko zote. Askari asiyepakwa rangi hapigani. Atakaa kando na kutazama wenzake.

Uporaji mkubwa wa wanajeshi ulipokuja mjini, wageni wakaondoka, na mwalimu akaondoka na kisanduku chake. Vijana wakabaki na sheria kichwani. Duka la kununua askari wa Kigiriki halikuwepo Bukavu, wala halijakuwepo mpaka leo. Wakajitengenezea. Risasi waliitoa kwenye vizito vya nyavu zilizochakaa za sambaza, vidagaa vya ziwa, wakaiyeyusha ndani ya kopo la dagaa juu ya makaa. Kalibu walizifinyanga kwa udongo wa mfinyanzi. Kila askari alisimamishwa juu ya kifuniko cha chupa ya bia kilichojazwa mchanga wa ziwa, ili asianguke mtu akikohoa. Rangi waliomba kwa waandishi wa vibao vya maduka, vijiko viwili vitatu kutoka kila kopo. Nyekundu nzuri kabisa ilikuwa ile ya kucha, na kwa ajili yake dada zao walilalamika sana. Brashi ilikuwa manyoya ya mkia wa mbuzi. Jicho lilichorwa kwa mwiba wa mlimau, na lilichorwa umeshika pumzi, kwa sababu ukipumua tu umempa askari wako chongo.

Parfait alichukua upande wa miungu na mashujaa. Ndizeye alichukua kuzimu: wafu wenye mikuki, mbwa wa vichwa vitatu, majitu ya jicho moja.

"Kwa nini wafu?" Parfait alimuuliza.

"Wafu hawali, hawadai mshahara, na hawatoroki. Mkubwa gani wa jeshi hapa kwetu amewahi kupata askari kama hao?"

Parfait alicheka mpaka akamwaga rangi. Huyu Parfait alikuwa mpole, mtu wa kukubali jambo kwa kichwa kabla hujamaliza kulisema. Lakini kwenye rangi alikuwa mkali. Askari wake alimpaka hadi chini ya nyayo, mahali ambapo jicho la mtu halifiki. "Atajua yeye mwenyewe," alikuwa akisema.

Mwaka wa tisini na nne ulipokwisha, wazazi wa Ndizeye walirudi Rwanda, yaani nchi ambayo yeye alikuwa ameiona kila asubuhi maisha yake yote akipiga mswaki, ng'ambo ya maji. Kuhama hakukuwatenganisha. Parfait alivuka Jumamosi na jeshi lake ndani ya kikapu. Akishavuka hulala, na akishalala huwezi kumrudisha kwao mpaka Jumanne. Vita vya kwanza vya Kongo vikaja, vikapita. Jeshi la Parfait lilijificha ndani ya gunia la maharagwe na likatoka zima. Ndipo wakaapiana: wakimaliza majeshi yote mawili, kila askari na rangi yake, watapigana vita vikubwa kupita vyote, juu ya mlango ulioondolewa kwenye bawaba, na turubai la bluu la wakimbizi liwe bahari. Siku ikapangwa: Jumamosi ya kwanza ya Agosti, mwaka wa tisini na nane.

"Uko tayari?" Parfait aliuliza kila walipoonana.

"Tangu Pasaka!"

Ijumaa ya kuamkia siku hiyo, Ndizeye alifungua katoni, akaona kuzimu karibu yote kijivu, akaifunga tena. Angeweza kumwambia rafiki yake ukweli, wakapaka pamoja, wakacheka. Lakini mtu aliyejitapa miezi yote hiyo ana mdomo mzito wa kusema "bado". Akateremka Rusizi ya Kwanza huku akitafuna muhindi wa kuchoma, akamkuta Josiane, mdogo wake Parfait, anarudi Bukavu na beseni lake tupu kichwani.

"Josiane, mwambie kaka yako asikuye kesho. Mwambie akuye Jumamosi ingine. Nina malaria."

Josiane alimtazama yeye, akautazama muhindi.

"Malaria gani hii inakula muhindi?"

"Ni ile ya mwanzo-mwanzo. Bado ina hamu."

Msichana alicheka, akaenda na ujumbe. Jumapili vita vya pili vikaanza ng'ambo. Mpaka ukafungwa, na kutoka Kamembe watu wakawa wanasikiliza milio na kubishana ilikuwa ya upande gani. Katikati ya juma Parfait alitoka na jerikani kutafuta maji, risasi ambayo haikuwa na shida naye ikampata, na hiyo Jumamosi ingine ikafika bila yeye.

Josiane alichukuliwa na shangazi yake siku ya mazishi, akapelekwa Bujumbura kusoma. Maman Eugénie hakuweza tena kuutazama ule uwanja. Njia ilipofunguliwa alivuka, akapanga chumba Kamembe, akaanza kuuza sambaza wakavu. Mteja wake wa kwanza kila asubuhi alikuwa Ndizeye, ambaye hanunui.

"Maman, hawa sambaza bako banaonekana bamechoka. Walitoka Bukavu kwa miguu?"

"Toka hapa, weye! Unanifukuzia bateja!"

Lakini alikuwa akicheka, na watu wa soko walisema tangu msiba hakuna mwingine anayeweza kumtoa mama yule jino nje. Ndizeye akaifanya kuwa kazi yake. Alimbebea magunia, alimwigiza padri, aliwaigiza watu wa forodha. Alimwita mama, na mama akamwita mtoto, na wote wawili walijua ni pengo la nani linazibwa.

Asubuhi moja ya mvua, wateja hawapo, Maman Eugénie alisema bila kuulizwa:

"Unajua ni miye nilimuua."

"Maman!"

"Ile Jumamosi alikuwa ameshavaa. Kikapu kilikuwa mlangoni. Nikamwambia, Parfait, leo usiende kwa Ndizeye, unisaidie kutoa unga sokoni Kadutu. Nilijua atakataa. Alikuwa anaisubiri ile siku kama arusi. Akasema tu, sawa, Maman. Akavua viatu." Aliwachambua sambaza waliokuwa wamekwisha kuchambuliwa. "Kama singemzuia angekuwa hapa kwenu. Angekuwa amelala kwenu mpaka Jumanne, si ndiyo kawaida yake? Na Jumapili mpaka ungemfungia huku. Kila nikitaka kulala naona vile viatu."

Hapo Ndizeye alielewa jambo ambalo mama huyo hakulijua. Parfait alikuwa ameshapata ujumbe tangu Ijumaa. Alivaa pengine ili avuke mpaka kumtazama mgonjwa, pengine kwa mazoea tu. Na mama alipomwomba abaki, alimwacha aone kwamba ametiiwa, kwa sababu alikuwa mtu wa kumpa mama yake zawadi ndogo ndogo kama hizo.

Sentensi moja ingetosha. Maman, si wewe, ni mimi nilimwambia asije. Ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Lakini aliuona uso uliokuwa ukimtazama, uso wa mtu aliyebakiza mtoto mmoja wa kiume na huyo ni wa kuazima, akahesabu kitakachotokea baada ya sentensi hiyo. Angerudi nyumbani bila mama. Akaimeza.

"Maman," akasema, "huyo Parfait alikuwa anaogopa kupigwa tu. Alifurahi kupata sababu."

Mama akatabasamu kidogo, akafuta macho. Ndizeye akabeba gunia ambalo hakuna aliyemtuma kulibeba.

Mwaka ulipotimia, familia ikapanga kuvunja matanga. Mzee Muderhwa, mkubwa wa ukoo, angevuka kutoka Bukavu. Josiane angekuja kutoka Bujumbura. Vitu vya marehemu vingegawiwa, nguo nyeusi zingevuliwa.

"Jeshi lake ni lako," Maman Eugénie alimwambia Ndizeye. "Nani mwingine atajua la kufanya nalo? Lakini nataka kitu. Kabla sijalitoa, nione huo mchezo. Ulete na la kwako, uyapange mbele ya bantu, tuone kile Parfait alikuwa anangojea." Akasita. "La kwako liko tayari, si ndiyo?"

"Tangu Pasaka ya mwaka jana, Maman."

Akaenda mbio nyumbani.

Wiki hiyo Ndizeye hakuonekana sokoni. Alipaka rangi kama mtu anayezima moto. Shaba ya mikuki aliipata kwa kuchanganya njano ya kibao cha saluni na masizi ya sufuria. Ngozi ya wafu aliifanya kwa chokaa na bluu ya kufulia. Kisha akaosha kila mmoja kwa maji mazito ya kahawa, yakaingia kwenye mikunjo ya nguo na kati ya mbavu, na kilichokuwa donge la risasi kikawa mtu aliyewahi kula na kulala. Safari hii alipaka na migongo. Alipaka hadi chini ya nyayo. Hakutaka kujiuliza kwa nini.

Kilichomshinda ni macho. Alishika mwiba wa mlimau, akashika pumzi, akainama juu ya uso wa mfu wa kwanza. Na kumbe huwezi kuchora jicho la mtu bila mtu huyo kukutazama. Pumzi ikamponyoka. Akafuta, akaanza tena. Ikamponyoka tena.

Joselyne alimkuta hivyo, katikati ya mchana, kamasi zinatiririka, mfu wake ana macho yanayoangalia njia mbili.

"Yewe! Huyu anatafuta basi?"

Ndizeye, bila utani, alimfuta mfu macho akachovya mwiba upya. Hilo lilimtisha Joselyne kuliko machozi. Akakaa kwenye kitanda.

"Ndizeye, si useme tu kwamba hukuwa umemaliza? Nani atakufunga?"

"Nitasema. Siku hiyo hiyo, mbele ya wote. Wataniuliza na nitasema."

Na alikusudia kweli. Siku hiyo, hata wanaoujua mdomo wake wangemwamini.

Jumamosi ya kuvunja matanga ilianza kwa misa. Halafu watu wakajaa kwa Maman Eugénie, wengine kwenye viti vya kuazima, wengine kwenye mawe, majerikani ya bia ya ndizi yamepangwa ukutani. Josiane alikuwa amerefuka; alimkumbatia Ndizeye, akamwambia, "Kaka, umekonda, weye," naye akamjibu kwamba amewaachia wengine unene. Mlango uliondolewa kwenye bawaba ukalazwa juu ya madebe ya mafuta, turubai la bluu likatandikwa.

Maman Eugénie akaleta kikapu. Akamtoa askari wa kwanza wa Parfait, kisha mwingine, akiwashika kama mayai. Watu waliokuwa wakizungumza walisogea. Ilikuwa mara ya kwanza wengi wao kuona, na hakuna aliyetegemea kuona mikunjo ya nguo nyeupe yenye ukingo wa dhahabu mwembamba kama uzi wa buibui, farasi mwenye mabaka, mungu wa bahari mwenye mawimbi katika ndevu.

"Huyu mutoto," alisema mzee mmoja polepole, "alikuwa anafanya bitu kama hibi, na sisi tulikuwa tunamtuma maji?"

Ndizeye akapanga kuzimu yake upande wa pili. Hata yeye alishangaa: walikuwa wazuri. Walisimama pale na macho yao yenye makengeza, kana kwamba walikuwa wakililia jeshi lililokuwa mbele yao.

Mzee Muderhwa akasimama. "Kabla batoto habajacheza, tufanye ya kikubwa. Kila mwenye neno na marehemu, alitoe leo. Baada ya leo hatutalifungua tena."

Jirani mmoja akasema aliwahi kumsingizia Parfait wizi wa kuku, akaomba msamaha. Watu wakasema amesamehewa. Kisha Maman Eugénie akasogea mezani, akamchukua mfu mmoja wa Ndizeye, akamfumbata kiganjani kama mtu anayetafuta nguvu, akasema mbele ya wote yale aliyoyasema ile asubuhi ya mvua. Unga wa Kadutu. Viatu. "Ni miye nilimzuia. Nilimnyima siku yake, na nikamnyima maisha. Namwomba anisamehe, na wewe Ndizeye unisamehe, maana ulikuwa umemtayarishia."

Wanawake wakaanza kulia. Nyuso zote zikamgeukia Ndizeye.

Mlango wa kukiri ulikuwa wazi. Alichotakiwa kufanya ni kupita tu. Alifungua mdomo, akamwona mama anavyomtazama, anavyomngojea mtoto wake amsamehe, na mdomo ukafanya kile ulichozoea.

"Maman, nani anaweza kukukasirikia? Miye ile Jumamosi nilitandika meza tangu asubuhi. Nikapanga jeshi lote. Nikangoja, nikangoja, mpaka jua likazama. Nikasema, huyu Parfait amesikia sifa zangu akaenda kujificha kwenye unga!" Watu wakacheka katikati ya machozi, akaona wanacheka, akaongeza. "Nimekusamehe, Maman. Hata wafu wangu wamekusamehe, na hao ni wagumu."

Maman Eugénie aliinamisha kichwa, akapokea msamaha huo. Alipofungua kiganja ili amrudishe yule mfu mezani, kilikuwa kimechafuka chokaa na bluu. Aliitazama rangi bila kuelewa.

"Hii rangi haijakauka," alisema.

"Ni unyevu, Maman. Unyevu wa ziwa. Rangi ya huku huwa—"

"Lakini, kaka Ndizeye," Josiane akasema.

Alikuwa amekaa chini karibu na kizingiti cha nyumba, bakuli la maharagwe mapajani. Hakuwa na hila yoyote. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kukumbuka vizuri.

"Ulitandikaje meza, na ulikuwa na malaria? Si ulinituma pale Rusizi nimwambie Parfait asikuye? Nilimwambia ile ile Ijumaa. Akasema, basi kesho nitashuka kumwona kidogo, nirudi. Nilidhani Maman anajua." Akawatazama watu, kisha akamrudia Ndizeye. "Ulikuwa unakula muhindi, kaka. Nikakucheka."

Ndizeye alicheka. Ilikuwa sauti fupi, na hakuna aliyeifuata. Akanyoosha mkono, akamsimamisha vizuri mfu ambaye hakuwa ameanguka. Mzee Muderhwa aliketi polepole. Joselyne alikuwa amefunika uso.

Maman Eugénie hakupiga kelele. Alimweka yule mfu juu ya turubai, akajipangusa kiganja kwenye nguo nyeusi ambayo angeivua muda mfupi baadaye, akapangusa tena, bila kumwondolea Ndizeye macho.

"Josiane," akasema, "rudia."

Na Josiane, kwa sauti ndogo, akaanza tangu mwanzo.